Doji ya Bwana Lomaksi

Kwa miaka ishirini na mbili Fundi Chirau alikuwa akionewa gere na Shimanzi nzima, na jambo hilo lilimpendeza mno. Mafundi wenzake walishinda chini ya malori ya simenti na pikapu zilizochoka. Yeye alikuwa na Doji. Haikuwa yake, hilo hakuna asiyelijua, lakini ukimwuliza leo ana kazi gani, atakwambia, "Leo nashughulika na gari yangu," wala ulimi haumtelezi.

Mwenyewe hasa alikuwa Mmarekani, Bwana Lomaksi, mkaguzi wa shehena aliyeshuka Kilindini mwaka wa sabini na mbili na Doji ya mwaka wa hamsini na saba, gari aliyoachiwa na babake. Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Mkataba ukaisha, yeye akabaki, akapanga nyumba Tudor karibu na maji, na gari ikawa inalala uani chini ya paa la makuti. Ilikuwa ndefu hata haiwezi kuingia vichochoro vya Mji wa Kale. Chini samawati, juu rangi ya maziwa, nyuma ina mapezi mawili yamesimama wima, na gia zake hazikuwa na mkono bali vitufe vya kubonyeza. Watu waliokuwa na magari mapya, yenye redio na kila kitu, waliitazama ikipita wakameza mate.

Kuitunza gari kama hiyo Mombasa ni kazi ya kumzeesha mtu. Spea hakuna, na hewa ya chumvi haina siku ya mapumziko. Chirau ndiye aliyeipaka uvunguni oili chafu iliyochanganywa na dizeli kila miezi mitatu. Ndiye aliyeisugua nikeli kwa ndimu na jivu, vile mamake alivyosugua sinia za shaba kule Kwale. Rejeta aliitilia mpira wa lori, feni akaifunga mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, na raba za breki zilikuwa za trekta, amezichonga kwa wembe mpaka zikakubali. Mkewe Mbodze aliwaambia majirani kwamba ana mke mwenza, na mke mwenza huyo anakunywa petroli.

Lakini kilichomvimbisha Chirau kichwa zaidi ya yote kilikuwa kiti. Doji ilitoka kwao na usukani wake upande wa kushoto. Kwetu magari hushika kushoto, basi dereva wa gari kama ile akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele. Sharti mtu akae kiti cha kulia, achungulie, aseme, "Bado... bado... haya, pita!" Mtu huyo alikuwa Chirau. Kila Ijumaa baada ya alasiri Lomaksi aliitoa gari Tudor, akashika Barabara ya Digo, akaenda hadi pale njia inapokuwa nyembamba ukingoni mwa Kibokoni, wakaletewa kahawa humo humo garini. Na kwa kuwa hapa kiti cha kulia ndicho cha dereva, mtu aliyeitazama Doji kwa mbali hakumwona Lomaksi kabisa. Alimwona Chirau, kofia imekaa upande, kiwiko nje ya dirisha. Chirau alilijua hilo vizuri, na alikuwa akipunga mkono hata kwa watu asiowajua.

Mwezi wa Juni mwaka wa tisini na nne, Lomaksi alimwita uani. Alikuwa anatembelea mkongojo siku hizo.

"Fundi, nyonga yangu imekwisha," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikisema polepole. "Madaktari wa kwetu watatia nyingine. Nitakaa mwaka mzima, labda zaidi. Gari nitamwachia mtu mmoja. Ufunguo, karatasi, kila kitu, iwe yake."

"Mtu gani, Bwana Lomaksi?"

"Nitasema mambo yakiwa tayari."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kulitangaza jambo likishakamilika. Chirau hakujali. Alitabasamu njia nzima hadi Shimanzi. Mtu mmoja! Nani mwingine katika kisiwa hiki aliyejua Doji inataka kubembelezwa vipi asubuhi ya mvua? Alianza hata kupima kwa hatua kama itaenea kwenye banda la gereji yake. Banda lilipungua hatua mbili, akaamua ukuta wa nyuma utavunjwa.

Juma lililofuata alifika Tudor, akakuta matako ya mtu mwingine yametokeza chini ya boneti.

Mtu yule aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa safi. Alikuwa Taib, mzaliwa wa Kibokoni, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa Dubai miaka tisa akitengeneza magari ya matajiri, na sasa amekuja likizo kumwona mamake. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Kando yake palikuwa na kabati dogo jekundu la droo, na kila spana imelala mahali pake.

"Ami Chirau! Sabalkheri. Nimesikia sifa zako tangu n'shuke."

"Sabalkheri," alisema Chirau. Adabu ya Taib ilimuudhi kuliko ambavyo ujeuri ungemuudhi. Mtu jeuri unaweza kumchukia ukaendelea na kazi.

"Taib ataweka nyaya mpya," alisema Lomaksi kutoka kwenye kiti chake cha mapumziko, gazeti mapajani. "Zote. Halafu breki."

Nyaya zile Chirau alikuwa amezifunga moja moja kwa mkono wake, kwa utepe mweusi, kwa uzi wa kushonea viatu palipokosekana utepe. Sasa zilikuwa zimelundikwa chini. Chirau aliona wivu. Hakuna haja ya kuzunguka mbuyu kwa maneno mazuri: aliona wivu mpaka mate yakawa machungu, na alipoulizwa kama atakunywa chai, alisema ameshakunywa, na hakuwa amekunywa.

Ijumaa ilipofika alivaa kofia safi, akatokea Tudor. Lomaksi alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba leo Taib angependa kuzisikia gia zikiwa barabarani. "Wewe pumzisha mgongo wako, Fundi."

Mgongo! Ni kweli mgongo ulikuwa ukimsumbua, na ni kweli mwezi uliopita alipoingia uvunguni ilibidi avutwe miguu kutolewa. Lakini kukaa kitini na kusema "bado" kunahitaji mgongo gani? Aliondoka kwa miguu, na kwa kuwa mtu mwenye wivu hawezi kujizuia kwenda kujitonesha, alielekea Kibokoni, akakaa kwenye baraza ya rafiki yake Gharib, mshona kanzu, mahali ambapo gari lazima ionekane.

Haikuchelewa. Ilikuja taratibu, nikeli inametameta, nikeli aliyoisugua yeye. Kiti cha kulia amekaa Taib, miwani ya jua usoni, kiwiko nje ya dirisha.

Gharib aliinua kichwa kutoka kwenye charahani. "Kumbe Taib amenunua gari?"

"Si yake."

"Mbona yuwaendesha?"

"Haendeshi! Usukani uko upande wa pili, huoni?"

Gharib alikodoa macho, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi kitambaa kikamtoka mkononi. "Laa ilaha! Yaani miaka yote hii na wewe pia ulikuwa huendeshi? Na mimi n'kiwaambia wageni, yule pale rafiki yangu Chirau, dereva wa Doji!"

Watu wawili waliokuwa barazani wakacheka pia. Chirau alicheka nao, akaweka kikombe cha kahawa chini, akaaga. Mashavu yalikuwa yakimuuma kwa kicheko kile.

Nyumbani Mbodze alimtazama akivua kofia, akajua. "Mke mwenza amepata bwana mwingine," alisema.

"Nyamaza."

"Mimi n'menyamaza miaka ishirini na mbili. Leo ni zamu yako kuujua utamu wake." Halafu akamhurumia, akamwekea samaki kipande kikubwa. "Kazungumze naye yule mzungu, Chirau. Mwulize tu. Kuuliza hakukutoi damu."

Ushauri ulikuwa mzuri na Chirau hakuufuata. Kumwuliza Lomaksi kungekuwa kukiri kwamba kuna swali. Isitoshe, alikuwa amekumbuka kitu, na kitu hicho kilimpa usingizi.

Doji za enzi zile zilitengenezwa na jambo moja la ajabu. Magurudumu ya upande wa kulia, nati zake hufunguka kama nati zote duniani. Ya upande wa kushoto hufunguka kinyume. Fundi asiyejua huishika nati ya kushoto akidhani anailegeza, kumbe anazidi kuikaza; ikikataa, anaona ni kutu, anatia bomba kwenye spana apate nguvu, na bolti inakatika. Bolti zile hazikuwapo Mombasa, wala Nairobi, wala Daressalama. Waliozitengeneza walikuwa wamepiga herufi ndogo kwenye ncha ya kila bolti ya kushoto, kumwonya fundi. Chirau aliziona mwaka ule ule wa kwanza. Akachukua tupa, akazisugua zote kumi mpaka zikawa laini. Hakuona kuwa ni ubaya. Kila fundi wa Shimanzi ana kitu anachokificha, la sivyo mteja wake atahama kesho. Mwingine huficha namna ya kuweka taimingi, mwingine hugeuza nyaya za plagi. Na mwenye gari haulizi, kwa sababu desturi ni kwamba mwenye gari hatii mkono kwenye kazi ya fundi.

Sasa Taib alitaka kufungua breki. Breki haifunguki bila kutoa gurudumu.

Jumamosi asubuhi Chirau alikuwa Tudor kabla ya mtu mwingine yeyote. Alichukua kigoda, akakaa chini ya ukingo wa makuti, akasema amekuja kuangalia tu, aone mambo ya Dubai. Taib alifurahi. Alianza upande wa kulia, akatoa magurudumu mawili, akasifu raba zilizochongwa kwa wembe. "Ami, kazi hii wallahi sijaiona popote," alisema, na kwa nukta moja Chirau akataka kufungua mdomo. Akaona ovaroli iliyopigwa pasi. Akaufunga.

Taib alihamia kushoto. Alipiga magoti, akaweka jeki, akachagua spana ndefu. Lomaksi alikuwa anasoma gazeti. Chirau alizijua bolti zile kuliko vidole vyake. Alijua sauti itakayotoka, mlio mmoja mkavu, halafu kimya, halafu uso wa Taib. Halafu Lomaksi ataweka gazeti chini na kusema, "Mwiteni Chirau." Alikuwa amekwisha kulitayarisha hata jibu.

Taib aliweka spana kwenye nati, akaielekeza kinyume, akasukuma kidogo. Nati ikafunguka. Akaitia mfukoni, akashika ya pili, kinyume, ikafunguka. Ya tatu. Alikuwa akiimba chini chini.

Chirau alisimama, kigoda kikaanguka. "Nani kakwambia?"

Taib aligeuka. "Kuniambia nini, Ami?"

"Za kushoto! Nani kakwambia zafunguliwa kinyume?"

"Mimi," alisema Lomaksi, akikunja gazeti. "Nimemwambia jana."

"Wewe umejua wapi?"

Lomaksi alicheka. "Fundi, hii ni gari ya babangu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilibadilisha tairi hiyo hiyo kwenye theluji, mikono imekufa ganzi, baba amesimama ananitukana kwa sababu nilikuwa naikaza. Huwezi kusahau."

"Lakini hujagusa spana hata siku moja!"

"Niliigusa. Siku ya kwanza kabisa, umesahau? Ukaninyang'anya. Ukaniambia hapa mwenye gari hatii mkono kwenye kazi ya fundi, ni kumvunjia heshima. Tangu siku hiyo sijashika. Nilijifunza kukaa na gazeti."

Alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikapungua, kwa sababu alikuwa mtu aliyefanya kazi ya ukaguzi maisha yake yote, na jambo likiwa na pengo alikuwa halipiti. Alijiinua kwa mkongojo, akaja, akainama kwa taabu hadi uso wake ukawa karibu na gurudumu. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya bolti, ya kwanza, ya pili, zote tano.

"Hapa palikuwa na herufi," alisema. "Nilipoona hazipo nilidhani ni chumvi."

Taib alikuwa akiitazama ardhi, na Chirau alielewa kwamba Taib ameziona alama za tupa tangu mwanzo, akanyamaza kwa adabu. Hilo nalo lilimchoma.

"Si chumvi," alisema Lomaksi. "Chumvi haili kwa mistari. Ulizisugua wewe?"

"Zamani, Bwana Lomaksi. Zamani sana. Ni mambo ya ufundi."

"Ya zamani sawa. Naelewa, mtu analinda kazi yake." Alikuwa akisema polepole zaidi kuliko kawaida. "Na leo? Umekuja mapema, umekaa hapo kwenye kigoda, ukamtazama akiweka spana. Ulidhani hajui. Ulikuwa unangoja nini, Fundi?"

Miaka ishirini na mbili Chirau alikuwa na jibu la kila kitu kuhusu gari ile, kwa nini inakohoa, kwa nini inavuta kulia. Sasa aliinama akakiinua kigoda kilichoanguka.

"Ulikuwa radhi ivunjike," alisema Lomaksi, "mradi isivunjike mikononi mwako." Hakupaza sauti. Aligeuka akarudi ndani ya nyumba, mkongojo ukigonga saruji, na gazeti likabaki kitini.

Chirau alirudi Shimanzi akangoja kuitwa. Siku ya kwanza alikuwa na hasira, akajiambia mzungu yule ni mtu wa shukrani ya punda. Siku ya tatu hasira iliisha, ikabaki aibu, na aibu haikumpa hata nafasi ya kula. Aliandaa maneno ya kuomba radhi, akayarudia mbele ya Mbodze, naye akasema ni mazuri, nenda. Akaenda hadi kona ya Tudor mara mbili, na mara mbili akarudi. Alichokiogopa si Lomaksi. Aliogopa kumkuta Taib ameshika ufunguo.

Jumatatu ya mwisho wa Julai alisikia kwamba Lomaksi ameondoka kwa ndege. Nyumba imefungwa. Doji imeinuliwa juu ya mawe manne chini ya makuti, magurudumu yamefungiwa stoo, na ufunguo ameondoka nao mwenyewe. Aliyemletea habari hizo alikuwa Taib, amevaa kanzu, amesimama mlangoni mwa gereji kati ya malori.

"Umekuja kunicheka," alisema Chirau.

"Nimekuja kukuaga, Ami. Narudi Dubai Jumatano."

"Unarudi? Na gari je?"

"Gari ipi?"

"Si alikuachia wewe?"

Taib alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Mimi nilikuwa na likizo ya wiki sita. Ningeipeleka wapi?" Alisita, akatazama nyuma, kisha akaona kwamba sasa hakuna tena wa kumfichia. "Ilikuwa yako, Ami, mpaka Jumamosi ile. Karatasi zilikuwa kwa wakili, jina lako limeshaandikwa. Aliniita n'tie nyaya mpya na breki mpya ili usilazimike kuingia uvunguni tena na mgongo huo. Akaniapisha n'sikwambie. Alisema ukisikia kwamba ni kwa sababu ya mgongo utaona umedharauliwa. Alitaka uikute tayari."

Chirau alikaa juu ya tairi la lori. Nje trela lilikuwa linarudi nyuma kuingia bohari, na mtu analipigia kelele, lete, lete. Taib alingoja. Alidhani mzee atalia, akajiweka tayari kumshika bega.

"Alikwambia lini?" aliuliza Chirau.

"Kukwambia kweli, siku ile ya kwanza. Kabla sijafungua boneti."

"Siku ya kwanza." Chirau aliinua uso, na machozi yalikuwapo, lakini si hayo yaliyomfanya Taib arudi hatua moja nyuma. "Miaka ishirini na mbili nimekaa na mtu yule. Wewe hujamaliza hata kumsalimu. Kwa nini akakwambia wewe kwanza?"